Wakili wa bure tumempata, mwenye jina atabaki na nani?

Tangu mahema ya msaada wa kisheria yaanze kuzungushwa mikoani, huku kwetu Mtwara na Lindi kuna maneno yanayorudiwa vijiweni na kwenye mabasi: mawakili sasa wanatufuata mpaka kijijini, tena bure, basi hawa wanaojiita mawakili wa haki za raia wamebaki na kazi gani? Swali si la kijinga. Ila linamchukulia wakili wa haki za raia kuwa ni wakili yuleyule wa siku zote, tofauti yake kwamba hatozi. Akitokea mwingine asiyetoza, yeye afunge virago. Hapo ndipo tunapokosea. Mvue wakili wa haki joho lake, mwondolee vitabu na hotuba, anabakiwa na kazi moja ngumu: kumshikilia mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya kesi dhidi ya mwenye nguvu, tangu siku anapotia dole gumba hadi siku ya hukumu, asidondoke njiani. Hema haliwezi kazi hiyo, na kusini tunaidai kwa muda mrefu.

Hema lipewe haki yake kwanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, wale vijana na akina mama wa vijijini waliokuwa wakiwaandikia watu barua na kuwapeleka ofisi kwa ofisi kwa kujitolea. Mwaka 2023 ikaja Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na wanasheria wakaanza kwenda walipo watu. Kwa nchi ambayo kwa miongo kadhaa ilimzuia wakili kuingia Mahakama ya Mwanzo, mahali ambapo kesi nyingi za mwanakijiji huanzia na kuishia, hilo si dogo. Mama aliyetelekezwa na watoto watatu, ndugu wanaogombea kiwanja cha marehemu, kijana aliyeuziwa shamba lenye wenyewe: hao wanahitaji mtu wa kuwaambia waanzie wapi, na wengi wanaondoka wakiwa wamepata walichofuata.

Ingawa hata kwenye mirathi kusini ina mambo yake. Sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 ziliandikwa kwa kuzitazama jamii zinazohesabu ukoo upande wa baba. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wanahesabu upande wa mama. Mwanamume akifa, macho huanza kuwatazama wapwa kabla ya watoto. Juu ya mila ipo dini, maana wengi wetu ni Waislamu, na juu ya vyote ipo sheria ya nchi. Mshauri aliyefika jana na kijitabu mkononi anaweza kumjibu mjane wa Nachingwea kama anavyomjibu mjane wa Shinyanga, na mjane akatikisa kichwa kwa adabu tu. Lakini hili linarekebishika: mfundishe mshauri, au mkalishe mzee wa hapo pembeni yake. Kasoro ninayoizungumzia mimi hairekebishiki kwa semina.

Nilikaa nusu siku kwenye mojawapo ya mahema hayo, wilaya ya korosho. Sitasema lilikuwa la nani wala nitaje chama cha msingi cha ushirika kilichohusika. Mzee mmoja alifika na kipande cha mfuko wa salfa, ile dawa ya mikorosho, alichokikunja mara nne. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za misimu kadhaa, zimekaa kwenye mikunjo hadi maandishi ya katikati yamefutika. Shauri lake lilikuwa fupi: kilo anazopimiwa ghalani na kilo anazolipiwa hazifanani, mwaka wa tatu sasa. Binti aliyekuwa mezani alimsikiliza vizuri, akazisoma zote, akamwambia aandike barua kwa chama, nakala kwa afisa ushirika wa wilaya, na ikishindikana aende mahakamani. Ushauri sahihi kabisa, sikuona pa kuukosoa. Mzee akamtazama. “Mjukuu wangu,” akamwambia, “nikiwashitaki hao, salfa ya mwakani nitapewa na nani? Na korosho yangu ataipima nani?” Binti akaitazama fomu yake. Fomu ilikuwa na sehemu ya jina, umri, jinsia, kijiji na aina ya mgogoro.

Asiyelima mikorosho anaweza kudhani mzee alikuwa anatafuta kisingizio. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho ya mkulima inapita chama cha msingi, inakwenda ghala kuu, inapigwa mnada, fedha zinarudi kwa njia ileile zikiwa na makato yake. Pembejeo za ruzuku nazo zinamfikia kupitia mlango huohuo. Sisemi mfumo huu ni mbaya. Waliouza korosho kwa walanguzi enzi za nyuma wanajua walikotoka. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja, kwa mwaka mzima, anategemea mlango mmoja, na mwenye mlango ndiye anayetaka kumshitaki. Mwezi wa sita mikorosho inahitaji salfa. Ukungu wa unga hausubiri notisi ya wakili.

Na akipanda juu zaidi ya chama, hali inakuwa nzito. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayetaka kuishitaki halmashauri anatakiwa kutoa notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Nanyumbu maana yake ni kuja Mtwara mjini, na Masasi peke yake, ambako ni kabla ya kufika kwake, kuko takribani kilomita 200 kutoka hapa. Hesabu nauli, hesabu malazi, hesabu kuahirishwa mara nne. Kumbuka pia msimu wa 2018. Novemba ile Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kuisomba. Vikosi vya uhakiki vikapita vijijini kumuuliza mwenye kilo nyingi shamba lake liko wapi. Aliyeshindwa kuthibitisha aliitwa kangomba, yaani mlanguzi wa korosho za wengine, na malipo yake yakasimama. Inawezekana wengi kweli walikuwa kangomba. Lakini Ibara ya 13 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, na Ibara ya 24 inalinda mali yake. Hilo lilikuwa swali la haki za raia, na lilikuwa limekaa juu ya magunia, kwenye ua wa mtu. Kulifikisha mahakamani kulihitaji mkulima mwenye jina, mwenye shamba la kuonyesha, na mwenye kifua cha kuvumilia misimu miwili mitatu ya kutazamwa vibaya.

Ndiyo maana, ukiniuliza wakili wa haki anafananaje, sitakutajia mzungumzaji hodari. Nitakutajia Charles Hamilton Houston. Mmarekani huyu mweusi alizaliwa Washington mwaka 1895, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia kama ofisa katika jeshi lililowatenga weusi, na aliyoyaona huko yakamfanya arudi kusomea sheria, Harvard. Baadaye akaongoza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, akaigeuza kutoka masomo ya jioni ya watu wenye kazi nyingine kuwa kiwanda cha mawakili. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba mwanasheria ama anaijenga jamii kama mhandisi, ama ni kupe. Thurgood Marshall, wakili ambaye dunia inamjua zaidi, alikuwa mwanafunzi wake. Lakini kinachonivutia ni safari zake. Miaka ya 1930 Houston alizunguka majimbo ya kusini mwa Marekani na kamera, akapiga picha vibanda walimosomea watoto weusi. Alikuwa anatafuta ushahidi, na alikuwa anatafuta watu. Alijua mahakama za kwao hazisikilizi malalamiko ya jumla. Lazima aje mtu aseme, mimi fulani, mtoto wangu fulani, nimeumizwa hivi.

Houston alikufa mwaka 1950, hakuiona hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Mei 17, 1954 iliyoharamisha shule za ubaguzi. Mojawapo ya kesi tano zilizounganishwa katika hukumu ile ilianzia wilaya ya mashambani ya Clarendon, South Carolina, na nashauri kila anayebeza wakili wa kijijini aisome historia yake. Mwaka 1947 mkulima mmoja, Levi Pearson, aliomba basi la shule. Watoto wazungu walikuwa na mabasi; wa kwake walitembea. Kesi yake ikatupwa mwaka 1948, na sababu ingemchekesha mtu kama isingekuwa chungu: shamba lake lilikuwa mpakani, na kodi aliilipia upande mwingine wa mpaka wa shule, kwa hiyo hakuwa na haki ya kudai. Wakati huohuo maduka na benki zikamnyima mkopo, magogo aliyokata yakaoza bila mnunuzi, na mazao yakakaukia shambani kwa sababu hakuna aliyekubali kumwazima mashine ya kuvunia. Soma tena sentensi hiyo ukimkumbuka mzee wa salfa.

Marshall alipoletewa shauri hilo upya mwaka 1949 hakukimbilia mahakamani. Aliwaambia wazee wa Clarendon: nileteeni majina 20. Asije mmoja akaondolewa kwa kasoro ya mpaka, na asije mmoja akabanwa mpaka akasalimu amri. Mchungaji Joseph De Laine alitumia miezi kadhaa akienda nyumba kwa nyumba kuyapata. Waliotia saini walilipa. Harry Briggs, ambaye jina lake ndilo lililobebeshwa kesi, alifukuzwa kazi kwenye kituo cha mafuta. Mkewe Eliza naye akafukuzwa kwenye hoteli alikofanya kazi za ndani. Nyumba ya De Laine iliteketezwa. Wakili Harold Boulware wa Columbia, mji mkuu wa jimbo hilohilo, alikuwa karibu kiasi cha kufikika, na shinikizo lilipozidi miaka iliyofuata, benki ndogo ya weusi ya mjini humo, Victory Savings Bank, iliwakopesha waliobanwa. Hizo ndizo kesi za haki za raia zilivyo zinapofunuliwa shuka: nusu sheria, nusu mbolea, mikopo na nauli.

Sasa turudi nyumbani, kwenye mjadala ambao wanasheria wetu wameupigia kelele zaidi. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya mwaka 1994, likamtaka anayefungua shauri la haki aeleze kwa kiapo ni kwa namna gani yeye binafsi ameathirika, na awe amemaliza kwanza njia nyingine zote za kisheria. Wanaharakati walisema mlango wa kesi za maslahi ya umma umefungwa, na vifungu hivyo vimepingwa mahakamani hadi Mahakama ya Rufani. Waliovitetea walisema nchi haiwezi kuendeshwa na watu wachache wa Dar es Salaam wanaofungua kesi kuhusu kila kitu wasichokipenda. Mimi naona waliopinga walikuwa sahihi. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuilinda Katiba, na Jaji Kahwa Lugakingira, katika kesi ya mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila ya mwaka 1994, alikwisha kueleza kwamba katika nchi ambayo wengi ni maskini na hawazijui haki zao, kumzuia mwenye uwezo asiwasemee ni kuwanyamazisha wote.

Lakini pande zote mbili zilibishana kuhusu lango la mahakama, kana kwamba watu wa kusini wamepanga foleni langoni. Vifungu vile vibaki au viondoke, mkulima wa Tandahimba hayuko kwenye foleni hiyo. Kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati wa mjini kwa niaba yake inaweza kushinda bila yeye kujua kwamba ilikuwepo, na ikishinda hivyo, nani atakayesimama ghalani kudai itekelezwe? Ushahidi wa kilo zilizopotea uko kwenye mikunjo ya stakabadhi. Wakili asiyekaa huku hatauona. Kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi wiki nzima, kesi yenye nguvu itatoka kwa mwenye maumivu, na mwenye maumivu anahitaji wakili wa jirani kuliko wakili maarufu.

Zipo hoja dhidi yangu. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba mawakili wa haki ni wachochezi, wakija huku watawasha moto. De Laine naye aliambiwa hivyohivyo. Tuutazame moto wetu wenyewe. Mei 2013, Wizara ya Nishati na Madini ilipothibitisha bungeni kwamba bomba la gesi litakwenda Dar es Salaam, Mtwara iliwaka. Watu walikufa, majengo yakachomwa, daraja la Mikindani likaharibiwa, wanajeshi wakaletwa. Mwezi mmoja kabla, Liwale nyumba zilichomwa kwa ugomvi wa malipo ya korosho. Palipokuwa na mabango ya “gesi haitoki” palikuwa na hasira na maswali halali kabisa ya raia kuhusu rasilimali na kusikilizwa, ila hasira haina masjala. Wakili anayemwambia kijana wa Magomeni au Chikongola, hapa Mtwara mjini, kwamba swali lako lina namba ya Ibara, liandikwe, lijibiwe, huyo anamnyang’anya jiwe. Anayemwita mchochezi angetaja basi nani mwingine aliyekuwa anaifanya kazi hiyo.

Hoja nyingine ina uzito na sitajifanya siuoni. Kesi za haki zinashinda mahakamani, mambo yakabaki palepale. Mtikila alishinda mwaka 1994 kuhusu mgombea binafsi, Katiba ikabadilishwa kumzuia, akashinda tena Mahakama ya Afrika, Arusha, mwaka 2013, na uchaguzi baada ya uchaguzi umepita bila mgombea binafsi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda kuhusu umri wa wasichana kuolewa, Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, na miaka ikapita kifungu kikingoja kurekebishwa. Ukiyapima haya, unaweza kumshauri mzee abaki na salfa yake. Ninachojibu ni kwamba kesi hizo zililenga kubadilisha sheria ya nchi nzima kwa pigo moja, na Bunge ndilo lenye kalamu. Mzee anadai kilo zake. Wanachama 20 wa chama kimoja cha msingi wakifungua shauri la uwakilishi, na Kanuni za Mwenendo wa Madai zinaruhusu, hukumu yao haingoji Bunge; inangoja dalali wa mahakama. Ushindi mdogo wa namna hiyo ndio uliokuwa ngazi ya Houston. Kabla ya shule za msingi alianza na wanafunzi wa vyuo, mmoja Maryland, mmoja Missouri.

Na muda si rafiki yetu. Lindi inangoja mtambo wa kusindika gesi pale Likong’o. Ukija, zitakuja tathmini, fidia, barabara, mipaka mipya, na sheria yetu ya ardhi inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Maneno matatu mazuri, na kila moja ni kesi. Mahema yatakuwepo, nayo yatawaambia watu haki yao ni ipi. Kitakachokosekana ni ofisi ya wakili mmoja Masasi, mwingine Lindi, wenye wasaidizi wanaojua Kimakonde na Kimwera, wanaokaa miaka kumi badala ya siku kumi, na wenye mfuko ambao wafadhili wa semina hawajawahi kuufikiria: mfuko wa salfa. Mwenye jina akinyimwa pembejeo, anunuliwe. Akikosa nauli ya Mtwara, alipiwe. Najua itaonekana kichekesho kwenye andiko la mradi, mstari wa mifuko ya salfa chini ya kichwa cha upatikanaji wa haki. Chama cha mawakili kingeweza kuanza na wilaya moja, na gharama yake isingefika ya kongamano moja la hotelini.

Siku ile jioni hema lilikunjwa, nguzo zikapakiwa kwenye lori, viti vya plastiki vikarudishwa shuleni. Binti alikuwa anajumlisha daftari lake ili atume takwimu kabla mtandao haujakatika. Nikamuuliza yule babu wa stakabadhi amemwandika wapi. Akanionyesha. Mbele ya jina lake, kwenye safu ya mwisho, palikuwa na tiki: limehitimishwa.